Glavu Alizoshona Dada

Saa kumi na moja na robo alfajiri, ndani ya ghala la vifaa lenye harufu ya mpira na soksi za jana, mwanamume wa miaka hamsini na sita anabandika glavu shavuni. Anaigeuza ndani nje, anaikandamiza shavuni, anatulia kidogo kama anayesikiliza simu, kisha anaitupa kulia au kushoto. Za kulia ni kavu. Za kushoto bado zina jasho la watu wa jana.

"Mkono unadanganya," anamwambia bila kugeuka mwandishi aliyekuja kuandika habari zake. "Mkono wa mtu wa theluji ulishakufa ganzi zamani, hautambui unyevu. Shavu linatambua."

Anapopata glavu ishirini na nne zilizokauka sawasawa anaacha. Ni jozi mbili kwa kila mgeni, na wageni wa leo ni sita, mwandishi akiwamo. Mwenzake anayepanga mashoka ya barafu pembeni anamtania kwamba mkewe nyumbani hapati mabusu mengi kiasi hicho. Yeye hacheki wala hakasiriki. Utani huo una miaka kumi na moja, umeshachakaa.

Kazini hapa hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Anaitwa Saa Kamili. Huyo mwenzake, ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya msafara asibaki mtu, anaitwa Mkia. Wamepandisha wageni pamoja misimu kumi na saba, na mpaka leo wanagombania kiti cha dirishani kwenye basi dogo kama watoto wa shule.

Mlima wanaoupanda ni mlima wa moto uliovaa theluji. Kileleni kuna kasoko, shimo pana linalotoa moshi wenye harufu ya kiberiti, na siku moshi ukiwa mzito wageni huvaa barakoa. Kutoka basi linapowashusha hadi ukingo wa shimo hilo ni mita elfu moja na mia nne za kupanda, karibu zote kwenye theluji, na safari nzima ni ya siku moja.

Sheria isiyojadiliwa ni moja tu. Ikifika saa sita mchana, popote mlipo, mnageuka. Jua la mchana hulainisha theluji, na mawe yaliyoshikwa na barafu huanza kuachia.

Saa Kamili ameifanya kazi hii miaka thelathini na mmoja. Ukimuuliza amefika kasokoni mara ngapi, anakuna kidevu. "Nilihesabu hadi elfu mbili, nikaona naanza kujisifu, nikaacha."

Msimu huu ndio wa mwisho. Magoti yake, kwa maneno yake mwenyewe, yanalia kama bawaba za mlango wa choo, na daktari amemwambia bila kupepesa macho kwamba akiongeza mwaka mmoja atashushwa kwa machela.

*

Saa kumi na mbili na robo msafara unaanza. Saa Kamili yuko mbele, anakanyaga theluji kwa kisigino, na kila mgeni anaweka mguu palepale alipoukanyagia. Anatembea taratibu mpaka inakera. "Mwendo wa bibi harusi," anauita. "Anayekimbia sasa ndiye nitakayembeba baadaye."

Kwenye mapumziko ya kwanza wanakunywa chai na kufunga meno, yaani vile vyuma vyenye ncha kali vinavyokaa chini ya buti ili mguu usiteleze. Anawakagua mmojammoja. Akifika mikononi anavua glavu ya mgeni, anaibandika shavuni, anamrudishia. Kijana mmoja anachekea pembeni. Saa Kamili anaendelea na anayefuata.

Saa tatu na dakika hamsini wanafika mapumziko ya pili, chini ya jabali jeusi linalokinga upepo. Mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, anajibwaga juu ya begi lake. Midomo imemkauka. Anauliza swali ambalo wageni wote huuliza, siku zote, mahali hapohapo.

"Kaka, bado sana?"

"Saa mbili na dakika tano kwa mwendo huu wetu," anajibu. "Na mbele kunapanda kuliko huku tulikotoka. Ukifika utapata dakika tano za kutazama, kisha tunageuka. Na nguvu za kushuka uziweke akiba tangu sasa, mwalimu, usizitumie kupanda."

Mwalimu anainua macho kwenye weupe ulio juu yake. Asubuhi kwenye basi dogo aliwasimulia wenzake kwamba siku hii ameiwekea akiba miaka minne. Sasa machozi yanamtoka kimyakimya huku anahangaika na mkanda wa kofia ngumu.

"Basi mimi naishia hapa," anasema. "Ungeniambia nusu saa, ningekwenda."

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana sikukwambia nusu saa."

Mkia anaondoka naye kushuka. Wengine watano wanafungwa kamba moja na Saa Kamili. Anawasindikiza kwa macho wale wawili mpaka wanakuwa vidoa, na usoni hana dalili ya mtu aliyefanya jambo jema.

"Pengine angefika," anasema kwa sauti ya chini. "Ana miguu mizuri yule mama. Hili nitaliwaza mpaka kesho."

*

Swali la mwalimu lina jibu lake la kienyeji, na kila anayeongoza watu mlimani analijua. Jibu ni "bado kidogo." Mgeni akiuliza, mwambie dakika ishirini. Zikiisha, mwambie kumi na tano. Si uongo wa kumwibia mtu, wenyewe wanasema, ni mafuta ya kulainisha miguu. Akishafika juu anacheka, anasamehe, anapiga picha.

Na bingwa wa mafuta hayo alikuwa yeye. Kabla hajaitwa Saa Kamili, jina lake lilikuwa Bado Kidogo. Siku hizo, katika kila wageni kumi aliowaongoza, wanane au tisa waliifikia kasoko. Sasa ni sita. Bakshishi aliyopata msimu uliopita haikufika nusu ya aliyopata Mkia.

Tajiri wake, mama mwenye kampuni, amemwita ofisini mara tatu. "Anasema watu wanalipia ndoto, mimi nawauzia saa ya ukutani," anasimulia. "Ana haki. Yeye ana mishahara ya kulipa. Lakini mdomo wangu siku hizi hautaki, ndugu yangu. Nikitaka kusema 'bado kidogo' unakuwa mkavu."

Saa tano na dakika hamsini na mbili, wageni watano wanasimama kwenye ukingo wa kasoko. Chini moshi unajikunja, harufu ya kiberiti inakwaruza koo. Wanapiga kelele, wanakumbatiana, kijana wa kicheko anatoa chozi na kusingizia moshi.

Saa Kamili amewapa kisogo. Anatazama chini, kwenye mwamba mmoja wenye umbo la kiti, mwendo wa kama dakika arobaini kutoka hapo.

"Pale," anamwambia mwandishi. "Pale ndipo tuligeuka na dada."

*

Dada huyo ni mkubwa wake kwa miaka saba. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka sita, dada kumi na mitatu. Dada aliacha shule, akakaa kwenye cherehani ya marehemu, na cherehani hiyo ndiyo iliyomlisha, ikamvika na kumsomesha mdogo wake. Sare zake zote za shule zilitoka kwenye mkono mmoja.

Alipopata kazi mlimani, dada naye akapata kazi kupitia kwake. Wapanda mlima huvaa vikinga, vitambaa vigumu vinavyofungwa kuanzia kwenye buti hadi chini ya goti ili theluji isiingie. Meno ya chuma huvichana kila siku. Kampuni ilihitaji mtu wa kuvishona na kuvitia viraka, na kwa miaka ishirini mtu huyo alikuwa dada. Mwanzo wa kila msimu, mdogo wake alimpelekea mzigo mgongoni.

"Na kila nikipeleka mzigo ananiuliza, hivi huko juu mnakwenda kufanya nini hasa? Kuna nini? Namwambia, kuna shimo. Anasema, yaani nashona mwaka mzima ili watu wakatazame shimo?" Anacheka kidogo, kisha kicheko kinakatika. "Nikamwambia, dada, siku moja nitakupeleka ukaone."

Siku hiyo ilifika miaka kumi na moja iliyopita, siku yenye wageni wawili tu. Dada alikuwa na miaka hamsini na miwili, hajawahi kukanyaga theluji. Alikuja amependeza, na mikononi alikuwa amevaa glavu alizojishonea mwenyewe kwa kitambaa kilekile cha vikinga, zikiwa na pamba ndani.

"Nilipoziona nilijua," anasema Saa Kamili. "Zilikuwa nzuri kuliko za dukani. Lakini mshono ni matundu, na matundu hupitisha maji. Mguuni si neno, kuna buti na soksi nzito. Mkononi ni balaa. Nikatoa jozi ya kampuni begini, nikamwambia, dada, chukua na hizi. Akanitazama. Akasema, 'Unaona haya kazi ya mkono wangu mbele ya wageni wako?' Nikazirudisha begini."

Wageni nyuma yake wanaimba kitu.

"Mtu aliyenishonea kaptula ya kwanza. Nitamwambiaje kwamba mshono wake unavuja?"

Walifika mapumziko ya pili saa nne na nusu, wamechelewa mno. Hesabu ilikuwa wazi kwa mtu wa kazi hiyo: kwa mwendo ule, kasoko ilikuwa mbali kwa zaidi ya saa mbili, na saa sita haikuwa mbali. Dada alikuwa amekaa, mikono ameikumbatia kwapani. Akauliza, "Niambie kweli, mdogo wangu, kumebaki kiasi gani?"

Na yeye akajibu kama alivyowajibu maelfu ya watu wasio wa kwao.

"Nikamwambia, bado kidogo, dada. Dakika ishirini."

Saa sita kamili iliwakuta kwenye ule mwamba wa kiti. Wakageuka. Dada hakulalamika njiani. Kwenye basi dogo, alipovua glavu, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Baridi ilikuwa imeua nyama, na baada ya wiki tatu hospitalini madaktari walikata ncha za vidole vitatu: cha shahada, cha kati na cha pete.

"Fundi cherehani," anasema Saa Kamili. "Mkono wa kulia. Na kasoko yenyewe hakuiona."

Tangu hapo glavu hupita shavuni, na saa hutajwa kamili. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na huyu wake amefikisha umri wa kwenda shule.

Anatazama saa, anapiga makofi mawili. Wageni wanashuka kwa makalio, kila mmoja juu ya sahani yake ya plastiki ya kutelezea, wanapiga mayowe kwenye mifereji ya theluji. Saa Kamili anashuka nyuma yao kwa miguu, hatua moja moja, ameshika goti.

*

Ijumaa hana safari. Kila Ijumaa isiyo na safari anakwenda kwa dada, mitaa miwili kutoka kwake, na mfuko wa mahitaji: unga, sukari, mafuta, sabuni. Amefanya hivyo miaka kumi na moja bila kukosa. Mara hii mwandishi amemwomba waende pamoja, naye amekubali kwa shingo upande.

"Hatuzungumzi mambo yale," anaonya mlangoni. "Tukizungumza ni hali ya hewa na ndugu waliooa."

Chumba cha dada ni kidogo, na usafi wake unaogopesha. Cherehani iko dirishani, kopo la vifungo juu ya kabati, futi ya kupimia kitambaa imening'inia msumarini. Dada anapinda pindo la pazia la mtu. Kitambaa anakisukuma kwa kiganja badala ya vidole, na kinakwenda kimenyooka kana kwamba kinavutwa kwa rula.

"Karibu, mwanangu," anamwambia mwandishi. "Wewe ndiye unayetaka kuandika habari za huyu? Utamaliza wino bure. Kaa."

Anamimina chai. Anauliza magoti ya mdogo wake. Mdogo wake anauliza paa la nyumba. Inaelekea mazungumzo yatafuata desturi yake, mpaka mwandishi anapoitaja siku ile ya mlimani na kuuliza kama kweli alidanganywa.

Dada anacheka, kicheko cha mtu mwenye afya.

"Nani anidanganye? Huyu? Huyu tangu azaliwe hajui kusema uongo. Akitaka kunidanganya huanza kuniita 'dada yangu kipenzi.' Alipovunja birika la mama, dada yangu kipenzi. Alipotoroka shule, dada yangu kipenzi. Basi siku ile pale kwenye jabali aliniita dada yangu kipenzi mara tatu kabla hajafika kwenye hizo dakika ishirini."

Saa Kamili anaweka kikombe mezani.

"Ulijua?"

"Tangu neno la kwanza."

"Sasa kwa nini hukugeuka, dada? Kwa nini hukusema?"

Dada anavuta droo ya cherehani, anatoa glavu mbili za kitambaa kigumu, rangi imefifia. Kwa uso wa mdogo wake, ni wazi hakujua kwamba bado zipo. Dada anamkabidhi mwandishi.

"Tazama mshono huo. Umenyooka, sivyo? Miaka arobaini ya kazi imo humo. Na kila tundu la sindano linapitisha maji. Mikono ililowa tangu pale tulipofunga meno. Ningesema nimechoka, sawa, kuchoka si aibu. Lakini ningesema mikono inaganda, huyu angetoa zile za kampuni mbele ya wageni, na kila mtu angejua kwamba fundi wa kampuni kashona kitu kinachovuja." Anapumua. "Mficha uchi hazai. Mimi niliuficha, na nikalipia."

"Dada, ni mimi niliye..."

"Ngoja. Wewe uliona haya kuniambia, mimi niliona haya kukwambia. Hilo la mlimani tugawane nusu kwa nusu. Usilibebe peke yako, mgongo huo huna. Lakini la pili ni lako mwenyewe."

"Lipi la pili?"

"Ala! Hivi kweli hujui?"

Hajui. Anamtazama dada yake, kisha mwandishi, kama mwanafunzi anayetafuta jibu kwa jirani.

"Nilitoka hospitali," anasema dada, na sauti sasa haina mchezo. "Nikakaa miezi sita najifunza upya. Kusukuma kwa kiganja, kushika mkasi kwa kushoto. Nilivunja sindano mpaka muuza sindano akaniuliza kama nazila. Nikashona kikinga cha kwanza, kibaya. Cha pili, kibaya. Cha tisa kikakaa sawa. Nikasema, sasa niko tayari, msimu unaanza, mdogo wangu ataleta mzigo." Anauonyesha kwa kidevu mfuko ulio mlangoni. "Ukaleta unga."

"Msimu wa pili, unga. Wa tatu, unga na sukari. Nikasikia mzigo umempa fundi wa kule sokoni. Sikuuliza. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

"Nilikuonea huruma, dada. Nilimwambia tajiri akuache upumzike. Kila nikivishika vile vikinga naona vidole vyako."

"Barafu ilinichukulia ncha za vidole vitatu. Mkono uliobaki ulinichukulia wewe, kwa huruma yako."

Anarudi kwenye pazia. Cherehani inaanza kulia, na haisimami mpaka wageni wake wanaaga.

*

Njiani kurudi, Saa Kamili anatembea mbele, halafu anakumbuka ana mwenzake, anasimama.

"Miaka kumi na moja nawaambia watu ukweli," anasema. "Watu baki. Nimemliza mwalimu wa watu kwa ukweli. Na dada yangu sikumuuliza hata siku moja, dada, unataka nini?" Anajifuta uso kwa kiganja, waziwazi, katikati ya njia. "Mimi ni mjinga, andika hivyohivyo."

Jumatatu anaingia ofisini kwa tajiri kabla hajaitwa. Anaomba kazi ya vikinga irudi kwa dada. Tajiri anamsikiliza, anamwonea huruma, lakini jibu ni gumu: misimu minne sasa kampuni inanunua vikinga vilivyoshonwa kiwandani. Vikichanika vinatupwa. Hata yule fundi wa sokoni hana kazi tena hapo.

"Umechelewa, mzee wangu," anamwambia. "Ungekuja miaka mitano nyuma, tungeongea."

Anauliza vilivyochanika viko wapi. Tajiri anamwonyesha pipa nyuma ya ghala. "Chukua, ni takataka. Akinionyesha viraka vinavyodumu, nitafikiria. Siahidi."

Saa Kamili anapiga moyo konde, anainama ndani ya pipa kwa magoti yake yaleyale. Anatoa vikinga ishirini na tisa. Mkia anampa suruali mbili zilizoraruliwa na meno. Wenzao wengine wanatoa walichonacho, mmoja koti lisilo na zipu. Jioni mzigo umejaa, na anaubeba mgongoni mitaa miwili.

Dada anafungua mlango. Anaumwaga mzigo sakafuni, anachukua kikinga cha kwanza, anakigeuza ndani nje, anasonya.

"Nani kashona uchafu huu?"

"Kiwanda, dada."

"Kiwanda! Uzi gani huu, wa kufungia mboga? Tazama, ukanda wameushika kwa mshono mmoja. Mmoja! Ndiyo maana unang'oka." Anakitupa, anachukua kingine. "Hiki nacho hivyohivyo. Na hiki. Loo, watu hawana haya."

Saa Kamili anamweleza yote, bila kupunguza: kwamba tajiri hakuahidi, kwamba kiwanda ni rahisi zaidi, kwamba huenda ikawa kazi ya bure. Dada anaitikia kwa kichwa tu, macho yako kwenye ukanda. Unene ule cherehani haiupiti, anasema, lazima ushonwe kwa mkono. Anatoa sindano nene na uzi uliopakwa nta, anamnyooshea mdogo wake vyote viwili.

"Nitungie."

Saa Kamili anavishika bila kuelewa.

"Tunga uzi. Vidole hivi vinasukuma, vinashika, vinapika. Lakini tundu la sindano vimekataa. Hata la cherehani."

"Siku zote anakutungia nani?"

"Mtoto wa jirani, akirudi shule."

"Na uzi ukikatika asubuhi?"

"Nangoja."

Anasema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Saa Kamili anashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Uzi unakosa tundu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Macho yamejaa maji hata miwani haisaidii.

"Alfajiri zote napita hapo nje nikienda kazini," anasema, na haijulikani anamwambia nani. "Taa yake naiona inawaka. Najisemea, dada yuko kazini tayari. Kumbe uzi umekatika, amekaa anangoja mtoto arudi shule. Na mimi napita."

Mara ya nne uzi unaingia. Dada anaipokea sindano, anaikazia macho, anapiga fundo kwa meno.

Msimu unakwisha baada ya wiki tisa. Awali Saa Kamili alikuwa na mpango wa kufuga kuku. Sasa anasema kuku watangoja. Asubuhi zake zote zitakuwa hapa, kwenye kiti hiki, kwa kazi ndogo kuliko zote alizowahi kufanya. Anatumaini dada atamruhusu. Anatumaini pia kwamba viraka vitamridhisha tajiri, lakini hilo analisema kwa sauti ndogo zaidi.

Dada anavuta mto wa pini, anauweka mbele ya mdogo wake pamoja na pakiti nzima ya sindano.

"Tunga kumi, uzichome hapa," anasema. "Kesho na keshokutwa wewe uko mlimani, na mimi nina kazi."

Saa Kamili anafuta miwani kwa pindo la shati, anachukua ya pili.